Mataifa Madogo ya Kwale na Deni la Mwanafunzi wa Kiswahili

Katika Agano la Kale kuna orodha inayorudiwarudiwa ya mataifa yaliyokaa Kanaani kabla ya Waisraeli kuingia: Wahiti, Waamori, Wakanaani, Waperizi, Wahivi, Wayebusi na Wagirgashi. Baadhi ya majina hayo yana mwili. Wahiti walikuwa na dola kubwa huko Anatolia, na mabamba yao ya udongo yenye maandishi yamefukuliwa kwa maelfu. Wayebusi hukumbukwa kwa sababu ya mji wao, Yerusalemu. Wagirgashi, kwa upande wao, ni jina tu. Walikula nini, walizungumza vipi, walimwita nani mungu wao, hayo yote yamepotea. Jina lao limesalia kwa kuwa jirani yao alijua kuandika, na jirani huyo aliwaandika katika orodha ya watu watakaofukuzwa.

Ukanda wa pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Tiwi na Diani, kupitia Msambweni hadi Vanga mpakani, una orodha yake. Wadigo wamo kwa wingi, na Waduruma wako nyuma yao upande wa bara. Hao hawahitaji kutetewa na jarida la wanafunzi. Lakini kati yao na kandokando yao wamo Wasegeju, Wavumba, Wachifundi wanaojiita Washirazi, na Wadegere waliokuwa wawindaji. Ni wanafunzi wachache wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wanaoweza kueleza kwa sentensi mbili tofauti ya Mvumba na Mchifundi. Ni wachache zaidi wanaojua kwamba Wasegeju waliwahi kuwa na lugha nyingine kabla ya Kiswahili na Kidigo. Makala haya yanashikilia kwamba upungufu huo ni wa taaluma ya Kiswahili yenyewe, na kwamba usipozibwa mapema, mataifa haya madogo yatabaki kujulikana kama Wagirgashi wanavyojulikana.

Mfano wa taifa dogo lililoponea chupuchupu katika hatari hiyo ni Moabu. Kwa karne nyingi Wamoabu walijulikana kwa njia ya jirani tu. Kitabu cha Mwanzo kinawafanya wazao wa Lutu kwa kisa cha aibu ambacho jirani yeyote angependa kukisimulia juu ya hasimu wake. (Waislamu wa Kwale, ambao ni wengi, hawamjui Nabii Lut kwa kisa hicho, na hilo pekee linatosha kuonyesha kwamba kisa na historia ni vitu viwili.) Kumbukumbu la Torati linawazuia wasiingie katika kusanyiko hata kizazi cha kumi. Kitabu cha Ruthu, kinyume chake, kinampa mwanamke Mmoabu heshima kubwa na kumweka katika nasaba ya Daudi. Laana na sifa zote mbili, hata hivyo, zilitoka katika kalamu ya Israeli.

Mwaka 1868 huko Dhiban, katika nchi ambayo leo ni Jordan, mmisionari aitwaye F. A. Klein alionyeshwa jiwe jeusi lenye maandishi. Jiwe lilivunjwa na wenyeji katika mvutano uliofuata juu ya nani alichukue, lakini nakala ya karatasi ilikuwa imeshachukuliwa juu ya uso wake, na vipande vingi vikaokotwa na kuunganishwa. Sasa limo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Ni maandishi ya Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 kabla ya Kristo, yenye mistari kama 34. Mesha huyo anatajwa pia katika Wafalme wa Pili, mlango wa tatu, kama mfugaji wa kondoo aliyemlipa mfalme wa Israeli kodi ya wana-kondoo na sufu, kisha akaasi. Sasa Mesha mwenyewe akawa anasema. Anaeleza kwamba Omri, mfalme wa Israeli, aliionea Moabu kwa sababu mungu Kemoshi alikuwa ameikasirikia nchi yake, na kwamba baadaye Kemoshi alimrudishia nchi hiyo.

Kwa mwanafunzi wa isimu, jambo la kustaajabisha katika jiwe hilo ni jinsi lugha yake ilivyo karibu na Kiebrania. Anayesoma Kiebrania cha kale huweza kuifuata bila taabu kubwa. Alama mojawapo iliyo wazi ya kuwatenga Wamoabu ni ya wingi: panapotokea mimu katika wingi wa Kiebrania, Mmoabu aliweka nuni. Konsonanti moja mwishoni mwa nomino ni miongoni mwa vitu vichache vinavyothibitisha kwamba lilikuwapo taifa lenye usemi wake. Anayedharau tofauti ndogo za lahaja na alitafakari hilo.

Kwale haina jiwe la Mesha. Kuna magofu, hilo ni kweli. Msikiti wa Kongo, penye mlango wa Mto Mwachema kati ya Tiwi na Diani, bado umesimama katikati ya mibuyu yake, na waliojenga huitwa Washirazi, jina ambalo pwani nzima hupewa kila aliyejenga kwa mawe zamani. Lakini kuta za matumbawe hazisemi ni lahaja gani iliyozungumzwa ndani yake. Ushahidi mwingi uliopo kuhusu usemi wa watu wa ukanda huu umo katika vinywa vya watu na katika karatasi za wageni.

Wasegeju ndio mfano ulio tajiri zaidi, na inafaa kukaa nao kidogo. Wanaingia katika maandishi wakiwa mbali na Kwale. Wareno wa karne ya 16 waliwakuta karibu na Malindi, wakawaita Mosseguejos, wakawaeleza kuwa wafugaji wenye vita. Padri João dos Santos, katika kitabu chake kilichochapishwa Évora mwaka 1609, anasimulia habari za Wazimba, kundi lililopanda kutoka kusini, likaiteketeza Kilwa, na mwaka 1589 likaingia Mombasa wakati ule ule Wareno walipokuwa wakipigana na Waturuki bandarini. Wazimba walipofika Malindi, Wasegeju 3,000 walikuja kumsaidia mfalme wa mji huo, na Wazimba wakasambaratishwa. Miaka michache baadaye Mombasa yenyewe ikaangukia mikononi mwa mtawala wa Malindi, na Wasegeju walikuwa na mkono katika tukio hilo. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Basi taifa hilo dogo lilishiriki katika kubadilisha mkondo wa historia ya pwani, lakini ni wanafunzi wangapi waliosoma historia ya Kiswahili wamelisikia likitajwa?

Baada ya hapo Wasegeju walishuka kusini. Masimulizi ya Vumba, ambayo A. C. Hollis aliyachapisha mwaka 1900, yanawaonyesha wakiwa washirika wa watawala wa Vumba dhidi ya miji ya Washirazi ya ukanda huu. Leo wanaishi pande zote mbili za mpaka, kutoka maeneo ya Shimoni na Vanga hadi mwambao wa Tanga, wakizungumza Kiswahili cha kwao au Kidigo. Mgeni akiwasikiliza atawahesabu kuwa Waswahili au Wadigo, akaondoka akiwa ameridhika.

Hapa ndipo isimu inapotoa msaada ambao historia ya mapokeo pekee haingeweza kuutoa. Chini ya milima ya Usambara ya mashariki, upande wa Tanga, kuna jamii ndogo katika vijiji vya Bwiti na Daluni inayozungumza Kidaiso. Kidaiso si Kiswahili, si Kidigo, wala si Kisambaa, ijapokuwa kimekopa kwa majirani wote hao. Msingi wake ni wa lugha za Kenya ya kati: Kikamba, Kikuyu, Kimeru na nduguze. Derek Nurse alilichunguza jambo hilo katika makala yake ya mwaka 1982, na tena katika kitabu cha mwaka 2000 alichokiandika juu ya Kidaiso na Kiilwana. Hoja yake ni kwamba Wadaiso na Wasegeju wa pwani wana asili moja, na majina yao mawili ni sura mbili za jina moja la kale, Thagichu, ambalo bado limo katika mapokeo ya Wakikuyu na Wameru. Waliokaa milimani walishika lugha yao. Waliokaa pwani waliiacha.

Tena haikuachwa bila alama. Martin Walsh alipendekeza mwaka 1992, kwa ushahidi wa maneno, kwamba Wasegeju walikuwa na mchango katika kuundwa kwa jamii za Mijikenda kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Ikiwa ni hivyo, basi Mdigo wa Msambweni anayemwona Msegeju kuwa mgeni aliyemezwa huenda anatumia maneno ya Msegeju huyo kila siku bila kujua. Hilo ni jambo la kuchunguzwa kwa subira, neno baada ya neno. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 inarahisisha kazi hiyo kwa upande mmoja. Kwa upande wa Wasegeju wa pwani, mwanafunzi atalazimika kwenda kusikiliza mwenyewe.

Tahadhari moja inafaa hapa, hasa kwa wanafunzi wapya. Kusini mwa mpaka, katika mwambao wa Wasegeju, kuna mahali panapoitwa Moa. Moa hiyo haina uhusiano na Moabu ila katika sikio. Lakini Afrika Mashariki haijakosa watu wanaojenga nasaba kwa sikio, wakipata Israeli katika kila jina na safari ya Musa katika kila simulizi la kuhama. Habari za Shungwaya, nchi ya asili ambayo Wamijikenda, Wasegeju na wengine husema walitoka, zimepata taabu kubwa mikononi mwa watu wa aina hiyo. Mataifa ya Biblia yanatajwa katika makala haya kwa ajili ya mfano wa jinsi watu wadogo wanavyohifadhiwa na kupotezwa na maandishi. Damu yao haimo katika hoja.

Wavumba na Wachifundi wana bahati kidogo kuliko Wagirgashi, kwa sababu H. E. Lambert alipita. Lambert alichapisha kitabu chake kidogo juu ya Kivumba mwaka 1957, na cha Kichifundi mwaka 1958, chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kivumba ni lahaja ya Wasini na Vanga, mabaki ya dola ndogo ya Vumba Kuu iliyokuwa na diwani wake, siwa yake na ngoma zake. Kichifundi ni cha vijiji vilivyo kaskazini zaidi, kama Funzi, Bodo na kile kijiji kiitwacho Shirazi. Jina la kitabu cha pili lilivyoandikwa na Lambert lenyewe ni somo: Chi-Chifundi. Wenyewe hutumia kiambishi chi- mahali ambapo Kiswahili sanifu kina ki-. Kidigo pia kina chi-, na Mdigo huiita lugha yake Chidigo. Je, Wachifundi walikopa kiambishi hicho kwa Wadigo waliowazunguka, au ni urithi wa zamani ambao lahaja nyingine zimeupoteza au kuubadilisha? Swali kama hilo linatosha tasnifu nzima, na majibu yake yako umbali wa safari ya matatu kutoka Likoni.

Pamoja na hayo, mwanafunzi wa kawaida akitajiwa Kichifundi atasema ni Kiswahili kilichoharibiwa na Kidigo. Kauli hiyo husikika hata kwa walimu. Ni kauli ya ajabu, kwa sababu inachukulia kwamba Kiswahili sanifu, kilichosanifishwa tangu miaka ya 1930 kwa msingi wa Kiunguja, ndicho asili, na kwamba usemi uliokuwapo karne kadhaa kabla yake ndio uliopotoka. Mtu angeweza vilevile kusema kwamba Mesha aliandika Kiebrania kibovu kwa kuwa aliweka nuni mahali pa mimu.

Kuhusu Wadegere yapo machache ya kusema, na uchache huo ndio hoja yenyewe. Walikuwa wawindaji na waokotaji katika nyika ya Kwale, majirani wa Waduruma na Wadigo. Walsh aliwaandikia makala mwaka 1990 na kuwaita wawindaji waliosahauliwa wa pwani ya Afrika Mashariki. Leo huzungumza lugha za majirani zao. Mapokeo ya Wamijikenda hutaja wawindaji waliokuwamo nyikani kabla yao, nao huonekana katika masimulizi hayo kama wanavyoonekana Wagibeoni katika kitabu cha Yoshua: wapo, wana kazi, wana nafasi ya chini, na anayesimulia ni mtu mwingine. Kaya za Wamijikenda, ikiwamo Kaya Kinondo ya Diani, ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008, na zilistahili. Mwindaji hakujenga kaya, kwa hiyo hana cha kuorodheshwa.

Upo upinzani dhidi ya hoja hizi, na si wa kupuuzwa. Wapo wahadhiri wanaosema kwamba kazi ya Kiswahili ni kuunganisha. Lugha iliyokubaliwa kuwa rasmi na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na ambayo UNESCO imeitengea siku yake, tarehe 7 Julai, isirudishwe nyuma kuhesabu vijiji. Isitoshe, wanasema, Wasegeju hawakulazimishwa na yeyote. Waliona faida ya Kiswahili wakakichukua, kama wafanyavyo watu wenye akili timamu. Sehemu ya pili ya hoja hii ni ya kweli. Kuhama lugha si kufa. Msegeju aliyeacha usemi wa mababu zake bado ni Msegeju, na pengine anakisema Kiswahili kizuri kuliko mhadhiri wake. Kumlilia kama marehemu ni kumkosea adabu. Lakini ile sehemu ya kwanza haisimami. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya, pamoja na kuendeleza lugha za kienyeji. Hakuna mahali inaposema kwamba Kiswahili kikuzwe kwa kusahau kilipotoka. Na kilipotoka ni huku: katika kukutana kwa watu wadogo wengi, ambao baadhi yao bado wako hai na wana namba za simu.

Upinzani wa pili ni mzito zaidi, na mara nyingi hausemwi waziwazi. Kuuliza nani alikuwapo kwanza Kwale ni kucheza na moto. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, vurugu zilianza Likoni na kuenea hadi Kwale. Watu waliotoka bara waliuawa, nyumba na biashara zao zikachomwa, maelfu wakakimbia, na vipeperushi viliwataka waondoke warudi kwao. Kauli za nani mwenyeji na nani mgeni hazikuwa za semina siku hizo. Anayesoma ile orodha ya mataifa ya Kanaani kwa makini ataona kwamba haikutungwa kwa ajili ya kuhifadhi kumbukumbu ya Wagirgashi. Ilitungwa kuhalalisha kuondolewa kwao. Orodha za makabila zina tabia hiyo.

Kwa hiyo utafiti unaopendekezwa hapa hauna budi kufanywa macho yakiwa wazi. Jiwe la Mesha lenyewe linafundisha. Wale waliotarajia kwamba taifa dogo likipewa nafasi ya kusema litasema kwa upole, walikuta mfalme anayejisifu kwamba aliuteka mji wa Nebo akawaua watu wake wote, wanaume na wanawake, 7,000, kwa ajili ya mungu wake. Mdogo si malaika kwa sababu ya udogo wake. Wasegeju nao hawakuandikwa na Wareno kwa sababu ya ukarimu. Mtafiti anayekwenda Vanga au Majoreni akitafuta wanyonge wasio na hatia atarudi na ngano. Na anayekwenda akitafuta hati ya kumiliki ardhi kwa niaba ya ukoo fulani atarudi na kitu kibaya zaidi. Lakini jibu la hatari hiyo si kunyamaza. Taaluma ikinyamaza, historia ya watu hawa itatungwa na wagombea viti na mawakala wa ardhi, na hao hawataeleza kwamba Mdigo, Msegeju na Mchifundi wamekopana maneno, wake na majina kwa miaka mia kadhaa, kiasi kwamba suala la nani wa kwanza halina jibu moja. Isimu ndiyo taaluma inayoweza kuonyesha mchanganyiko huo kwa ushahidi.

Kwamba jina la taifa dogo si pambo la kitabuni, Kwale imeshaona. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa wakati wa ukoloni, wakazaa, wakazika wazazi wao huku, na kwa miongo mingi baada ya uhuru wakaishi bila vitambulisho. Bila kitambulisho mtu hafungui akaunti ya benki, hapati ajira rasmi, hapigi kura. Vizazi vilipita katika hali iliyofanana sana na ile ya Mmoabu mlangoni mwa kusanyiko. Oktoba 2016 kundi lao lilitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais. Februari 2017 walianza kukabidhiwa vitambulisho, na wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Katika visa vyote viwili, watu walioishi miaka yote hiyo wakizungumza Kiswahili hawakusaidiwa na Kiswahili chao mpaka jina lao lilipoandikwa mahali panapohusika.

Inashangaza basi kwamba katika mijadala yote hiyo idara za Kiswahili hazikusikika. Wanasheria walisema, mashirika ya haki za binadamu yalisema, wanahabari walisema. Hakuna aliyetazamia kwamba idara ya Kiswahili ingekuwa na la kusema juu ya Wamakonde wa Msambweni, wala juu ya Kiswahili wanachokizungumza, ambacho bila shaka kina mambo yake.

Sababu mojawapo ni jinsi kazi za shahada zinavyochaguliwa. Tasnifu nyingi za uzamili huchambua riwaya zilezile za waandishi walewale, kwa nadharia zilezile, mpaka wahusika wakuu wa riwaya hizo wamefahamika kuliko majirani wa wanaowachambua. Hakuna ubaya katika uhakiki wa fasihi. Ila mwanafunzi aliyezaliwa Gazi, ambaye nyanya yake husema chi- bila kufikiri, hupanda basi kwenda chuoni akakaa miaka miwili akiandika juu ya umarx katika riwaya ambayo imeandikiwa tasnifu chungu nzima, kisha akarudi nyumbani akamkuta nyanya hayupo. Wasimamizi wanalo la kujibu hapo. Kazi ya nyanjani ina gharama, huchukua muda, na haina nadharia ya kunakili. Ni rahisi kuidhinisha pendekezo linalofanana na lililopita.

Gharama yenyewe si kubwa kama inavyosemwa. Kinachohitajika kwanza ni kinasa sauti, ambacho siku hizi kimo ndani ya simu ya kila mwanafunzi, daftari, na adabu ya kubisha hodi. Orodha ya maneno ya msingi ikusanywe Vanga, Wasini, Funzi na Bodo, ilinganishwe na ya Lambert, ionekane nini kimebaki na nini kimebadilika. Majina ya upepo, ya samaki, ya nyavu na madema, ya sehemu za ngalawa, hayo ndiyo maneno yanayokaa muda mrefu na kusafiri mbali. Mwanafunzi mwingine aende Bwiti na Daluni, avuke mpaka kwa halali, akae na wasemaji wa Kidaiso, kisha arudi nao kimaneno kwa Wasegeju wa Jimbo kuona kama kuna msamiati wa kale uliosalia katika nyimbo, matambiko au majina ya ukoo. Maandishi yatolewe kwa Kiswahili. Karibu yote yaliyotajwa katika makala haya, kuanzia Hollis hadi Walsh, yaliandikwa kwa Kiingereza, na mzee wa Wasini ambaye baba yake pengine ndiye aliyempa Lambert mifano yake hajapata kuisoma.

Kuhusu majina pia kuna kazi. Wamijikenda wenyewe waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, mpaka walipojipatia jina la Mijikenda katika miaka ya 1940. Wao walikuwa wengi, wakaweza. Wadegere hawajaulizwa na yeyote wangependa kuitwa nini, na neno lenyewe limo katika vinywa vya majirani kwa sauti ambayo mtafiti atapaswa kuisikiliza vizuri kabla ya kuliandika.

Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia kaunti ya Kwale watu 866,820. Miongoni mwao, mtoto aliyekuwa na miaka kumi huko Wasini wakati kitabu cha Lambert juu ya Kivumba kilipochapishwa sasa anakaribia themanini.